Mchochea Moto

Septemba, zabibu zingali zikivunwa,
watoto walirudi shule na vidole vya zambarau.
Bi Tsiala, mkutubi, aliwakagua mikono, hakugomba.
"Kesho leteni maganda mabichi ya jozi," alisema.
"Tukichafuka, tuchafuke kwa faida."
Wakayachemsha juu ya jiko langu.
Nasema langu, maana ni mimi niliyelilisha kuni
miaka kumi na tisa, katika shule hii ya Oni
ambako theluji huja mapema na kuaga kwa shida.
Sufuria ikatoa wino wa kahawia,
wakaandika majina yao katika daftari la maktaba.
Jina la Bachana lilivuja,
likawa doa lenye masikio.

Novemba wakakanda unga, wakafinyanga alfabeti.
Herufi zetu ni thelathini na tatu,
hakuna kubwa, hakuna ndogo,
zote zimejikunja kama paka waliolala.
Nilizioka mimi. Gvantsa hakuweza kungoja,
akala herufi ya kwanza ya jina lake,
na hadi kengele ya jioni tulimwita Vantsa.

Kisha baridi yenyewe.
Theluji ilipanda hadi kwenye kioo, ikachungulia.
Sheria ikawa hii: gogo moja, kitabu kimoja.
Tekle alileta mguu wa kiti.
Sikuuliza kiti cha nani.

Kila Alhamisi Bi Tsiala aliwasomea kwa sauti,
*palikuwepo, hapakuwepo*, msaga nafaka mmoja
aliyepotelewa na punda wake mlimani.
Nami nimepiga magoti mbele ya jiko, nachokoa majivu
yasiyohitaji kuchokolewa.
Lakini madarasa mengine nayo yana majiko,
na baridi haina adabu ya kungoja hadithi iishe.
Ndiyo maana nina vichwa vya hadithi tele,
na miguu sina hata mmoja.

Februari wakashona vikaragosi vya soksi.
Nilitoa yangu, ya kijivu, yenye tundu kidoleni.
Tundu likawa mdomo.
Bachana, ambaye neno lilimkwama kooni
kama mfupa wa samaki,
aliivaa mkononi, akaishikia kitabu.
Soksi ilisoma ukurasa mzima.
Soksi haikugugumia.
Hakuna aliyepiga makofi; Bi Tsiala alikuwa amewakataza kwa jicho.

Machi, mafua. Viti vitupu.

Aprili theluji ikageuka maji,
yakapita chini ya mlango usiku, bila kubisha.
Rafu ya chini yote ililowa.
Tulitundika vitabu kwenye kamba kama nguo za watoto,
vikavimba, vikanuka uyoga.
Kitabu cha msaga nafaka kilipoteza kurasa za mwisho,
zilikuwa uji.
"Basi tuziandike," akasema Bi Tsiala,
na hapo ugomvi ukaanza, maana kila mtoto
aliapa kwamba anaukumbuka mwisho vizuri kuliko mwenzake.
Watoto kumi na mmoja, miisho kumi na mmoja.
Katika mmoja punda ameolewa. Katika mwingine ameliwa.
Katika ule wa Bachana punda anarudi mwenyewe,
anasimama mlangoni, na msaga nafaka
hamuulizi alikokuwa.

Mimi niliyekaa majira yote ya baridi
nikitamani mwisho mmoja!
Nilisahau jiko. Likazimika.
Hakuna aliyeona baridi.

Juni, jiko limefagiliwa, sina kazi humo.
Nilikuja kuchukua ndoo tu.
Bi Tsiala alinisukumia kadi mezani,
jina langu juu yake, Vazha, kwa wino wa jozi,
mwandiko wa mtoto, doa pembeni lina masikio.
Akagonga muhuri: siku kumi na nne.

Leo ni Agosti.
Nasoma nikiwa nimevaa miwani ya mke wangu,
kidole kinatangulia, macho yanafuata.
Nimefika ukurasa wa thelathini na moja.
Muhuri umepitwa zamani.
Watakapolihitaji jiko,
wanajua nyumba yangu ilipo.